Sahihi Niliyoitia kwa Niaba ya Mke Wangu

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 14, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefundisha darasa la kipaimara. Somo la mwili lilikuwa langu. Wenzangu walilikwepa, nami nilijivunia kutolikwepa: nilikuwa nikifungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, na kuwasomea vijana kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kisha naiweka Biblia mezani na kurudia polepole maneno manne ya mwisho wa aya ya 19, “si mali yenu wenyewe”. Juu ya maneno hayo manne nilijenga orodha ndefu ya makatazo. Sikumbuki hata siku moja kuwauliza vijana wale kwamba, ikiwa miili yao si mali yao, basi ni mali ya nani hasa, kwa sababu niliona jibu liko wazi. Kwa maneno nilisema ni mali ya Mungu. Kwa matendo nilifundisha kwamba ni mali ya yeyote aliye juu yao kwa wakati huo, awe mzazi, mwalimu, mchungaji, na baadaye, kwa wasichana, mume.

Mwishoni mwa somo nilikuwa nikipitisha kisanduku ili kila mwenye swali aliandike bila kutaja jina. Mengi yalikuwa maswali ya utani ambayo umri ule huyapenda. Mwaka mmoja nilikunjua kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kimeandikwa kwa penseli, na neno “nguvu” limefutwa na kuandikwa upya hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Kilisema hivi: “Kama mwili wangu si mali yangu, mtu aliyeuchukua kwa nguvu aliiba nini, na alimwibia nani?” Nilikisoma kimyakimya, nikakikunja, nikawaambia vijana kwamba muda umekwisha. Nilikitia ndani ya Biblia nikijiahidi kukitafutia jibu, lakini sikukitafutia. Wala sikumtafuta aliyekiandika, au hata kutangaza mbele ya darasa zima ni kwa nani mtu mwenye jambo kama hilo angeweza kwenda kwa siri akasikilizwa na kusaidiwa. Na leo naona kwamba kosa hilo ni kubwa kuliko lile la kukosa jibu.

Yaliyonirudisha kwenye karatasi ile hayakutokea kanisani. Mke wangu alikuwa amesumbuliwa kwa miezi mingi na uvimbe kwenye kizazi, damu ikimtoka kupita kiasi, mpaka siku moja akaanguka na tukamkimbiza hospitali, akaongezewa damu. Asubuhi ya pili daktari alifika wodini, akasimama upande mmoja wa kitanda, mimi nikiwa upande wa pili, na mke wangu amelala katikati yetu na sindano ya dripu mkononi. Daktari aliniangalia mimi. “Mzee, tunapendekeza kutoa kizazi. Watoto mnao?” Nilimjibu kwamba tunao watatu na wanatosha. Alinieleza kwa ufupi, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, kisha akanikabidhi fomu ya ridhaa, nikaiegemeza juu ya kimeza cha kitanda na kutia sahihi. Mke wangu alisema, “Nina swali.” Nililipapasa blanketi lake juu ya goti na kumwambia, “Usijichoshe, Mama, tumeshaelewana na daktari.”

Nimeyaandika maneno hayo jinsi yalivyotoka kinywani mwangu kwa sababu wakati ule niliyaona kuwa maneno ya upendo. Sikuwa mume mkatili. Nilikuwa sijalala siku mbili, nilikuwa na hofu ya kufiwa, na nilitaka jambo lifanywe upesi kabla damu haijaanza tena. Lakini nina umri wa kutosha kujua kwamba mambo mengi ambayo watu hufanyiwa bila kuulizwa hufanywa na wanaowapenda.

Kesho yake alfajiri muuguzi alimjia na gauni la upasuaji, na mke wangu akamwambia kwamba haendi. Mimi sikuwapo, haya nimesimuliwa naye mwenyewe. Muuguzi hakumkaripia wala hakumbembeleza. Alichukua faili, akatafuta fomu, akamwonyesha mahali pa sahihi na kumuuliza, “Mama, hii ni yako?” Alipojibiwa kwamba si yake, alipiga mistari miwili juu ya fomu, akavuta kiti na kuketi. Nilipofika nikakuta pazia limefungwa kuzunguka kitanda na wawili hao wakizungumza kwa sauti ya chini, nikapandwa na hasira ya mtu aliyetoka kulipa deni na kukuta linadaiwa tena. Muuguzi alinisogeza kando na kunieleza, kwa heshima lakini bila kupepesa macho, kwamba mtu mzima mwenye akili timamu na anayeweza kusema hatiliwi sahihi na mwingine, hata akiwa mume wake. Mke wangu alisema sentensi moja tu, akitazama dari: “Jana mlizungumza juu yangu mbele yangu kana kwamba sipo.”

Aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache, akiwa na vidonge vya kuzuia damu na vya kuongeza madini ya chuma, na ruhusa ya kufikiri. Mimi nilirudi na kinyongo. Jioni ya kwanza nilimkumbusha aya ya 4 ya sura ya 7 katika waraka uleule niliokuwa nikiufundisha, kwamba mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe. Alikuwa amelala kwenye kochi, macho yamefumbwa. Akasema, “Malizia aya.” Nilijua inavyoendelea, maana nimeisoma mara nyingi: “vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe.” Lakini nilikuwa nimezoea kuikatia katikati kiasi kwamba ilinibidi niisome kutoka kwenye kitabu. Aliniuliza kama siku nitakapolazwa mimi ataruhusiwa kuamua nikatwe nini bila kuniuliza. Sikumjibu, nikaenda kulala.

Usingizi haukuja, kwa hiyo nikafanya kitu ambacho mwalimu wa darasa la kipaimara alipaswa kuwa amekifanya miaka mingi kabla: nilisoma sura hizo mbili mfululizo, bila kuruka. Aya ile ya nne inazungumzia unyumba, na mara tu baada yake Paulo anasema wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana. Kupatana ni kwa watu wawili. Katika dunia ya Kirumi ya karne ya kwanza, nusu ya kwanza ya aya hiyo isingemshangaza mtu yeyote. Nusu ya pili, inayompa mke amri juu ya mwili wa mume, ndiyo iliyokuwa habari mpya, na mimi nilikuwa nimeitupa hiyo mpya na kubaki na ile kuukuu.

Kilichonikalisha kitandani ni aya ya 23 ya sura hiyo ya 7. Maneno yanayofuata mara baada ya yale manne niliyoyafundisha, “mlinunuliwa kwa thamani”, yamerudiwa hapo, lakini safari hii Paulo anamalizia kwa kusema, “msiwe watumwa wa wanadamu.” Hebu fikiria waliosomewa barua hiyo. Korintho ulikuwa mji uliobomolewa na Warumi mwaka 146 Kabla ya Kristo na kuanzishwa upya mwaka 44, pia Kabla ya Kristo, kwa amri ya Julius Caesar, na wengi wa walowezi wake wa kwanza walikuwa watumwa walioachwa huru. Ndani ya kanisa lake walikuwamo watumwa, kwa maana Paulo anazungumza nao waziwazi katika aya za 21 na 22. Mtumwa wa Kirumi hakuwa na la kusema juu ya mwili wake; bwana wake aliweza kuupiga, kuuchapa chapa au kuutumia kitandani, na sheria isione kosa. Mtu wa namna hiyo anapoambiwa kwamba amenunuliwa na Mungu, hasikii kwamba ameongezewa bwana mwingine juu ya wale alio nao. Anasikia kwamba anayemhesabu kuwa chombo chake ameshika mali isiyo yake. Maneno yangu manne, ambayo kwangu yalikuwa kufuli mlangoni mwa vijana, Paulo alikuwa ameyaelekeza pia kwa wale wanaosimama nje wakiutikisa mlango.

Sitaki nieleweke kwamba nimehamia upande wa wanaosema, “Mwili ni wangu, nitaufanyia nipendalo.” Bado naamini kwamba mwili ni amana, na kwamba siku moja kila mtu ataulizwa aliutumiaje. Lakini wakili aliyekabidhiwa shamba humtolea hesabu mwenye shamba, hawatolei hesabu wapita njia. Paulo anauliza katika Warumi 14:4, “Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mtu mwingine?” Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kati ya kusema “mwili ni wa Mungu” na kusema “mwili uko chini ya uamuzi wa mtu mwenyewe” ni lazima Mkristo achague moja. Sasa naona kwamba la kwanza ndilo linalolishikilia la pili. Ni kwa sababu mke wangu atajibu kwa Mungu juu ya mwili wake kwamba mimi siwezi kujibu badala yake, na asiyeweza kujibu badala ya mtu hana haki ya kutia sahihi badala yake.

Daktari mmoja mstaafu katika usharika wetu, niliyemwendea nikitumaini ataniunga mkono, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akanipa historia ambayo sikuitaka. Alinieleza kwamba mwaka 1907 jimbo la Indiana nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu walioonekana hawafai kuzaa, kwamba mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliibariki sheria ya jimbo la Virginia ya aina hiyo kwa kura 8 dhidi ya 1, na kwamba waliotendewa hivyo katika majimbo mbalimbali walizidi 60,000. Waliofanya hayo walikuwa watu wa elimu, wengine wa kanisa, na walikuwa na fomu zilizotiwa sahihi vizuri kabisa na watu wengine. Alinieleza pia kwamba baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi kule Nuremberg, hukumu ya mwaka 1947 iliweka ridhaa ya hiari ya mtu kuwa kanuni ya kwanza kabla ya jaribio lolote la kitabibu. Sisi si Wakatoliki, na mzee huyo hupenda kunichokoza kwa jambo hilo, kwa hiyo alifurahi kunionyesha kwamba Papa Pius XI aliandika mwaka 1930 kwamba watawala hawana mamlaka ya moja kwa moja juu ya miili ya raia wasio na hatia, na kwamba Pius XII, akizungumza na madaktari wa usingizi Novemba 1957, alisema kwamba daktari hana haki yake binafsi juu ya mgonjwa, bali kwa kawaida hutenda pale mgonjwa anapompa ruhusa, iwe mwenyewe au kwa kupitia mtu mwingine. Nilishikilia maneno hayo ya mwisho: si nilikuwa mimi mtu mwingine huyo? Mzee akaniuliza, “Alikutuma?”

Mke wangu alichukua wiki tatu. Alikuwa na daftari ambalo aliandika maswali 11, na alikwenda kwa daktari wa pili akiwa nalo mkobani, mimi nikiwa nimeombwa nibaki kwenye benchi la nje mpaka niitwe. Aliuliza kama uvimbe ungeweza kuondolewa peke yake na kizazi kikabaki. Aliambiwa kwamba inawezekana, lakini kwa wingi na ukubwa wa uvimbe wake hatari ya kupoteza damu nyingi ilikuwa kubwa, na kwamba uvimbe huweza kurudi. Aliuliza kama vifuko vyake vya mayai ya uzazi vingeachwa, na kwa nini. Aliuliza nani hasa atakayeshika kisu. Usiku aliniambia kwamba ameamua kitolewe. Alilia, nami nikalia naye, kwa maana chumba ambamo watoto wetu watatu walikaa kabla hatujawaona kilikuwa kinaaga. Kisha, kwa upumbavu ambao sijui ulitoka wapi, nikamwambia, “Si ndicho nilichokisema tangu mwanzo?”

Alifuta uso. “Hapana, Baba. Wewe ulikubali kizazi kitolewe. Mimi nimekitoa.”

Nimeishi na sentensi hiyo kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili: daktari hutoa jino, na mwenye kupenda hutoa sadaka. Kwa nje, upasuaji alioukataa na ule alioukubali ni upasuaji uleule, kovu lilelile, mahali palepale. Lakini mmoja ungekuwa wa kunyang’anywa na mwingine ulikuwa wa kutoa, na nilipoanza kuitazama Injili kwa jicho hilo niliona kwamba imani yetu yote imening’inia kwenye tofauti hiyo. Mtu aliyetazama msalaba kwa mbali aliona mwili ulionyang’anywa nguo, damu na uhai. Yesu anasema katika Yohana 10:18, “Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe.” Mwili tunaoupokea mezani pa Bwana ni mwili unaotolewa, kama ungekuwa umechukuliwa tu, tungekuwa tunakumbuka mauaji, na hakuna ambaye angeiita ile siku Ijumaa Kuu. Hata kuingia kwake duniani kulisubiri jibu. Malaika alitangaza, akaulizwa swali, akalijibu swali lile bila kukasirika, na hakuondoka mpaka binti yule aliposema, “Na iwe kwangu kama ulivyosema.” Naona aibu kidogo ninapokumbuka kwamba malaika alikuwa na muda wa kujibu swali la mwanamke, nami sikuwa nao.

Alitia sahihi fomu yake mwenyewe, taratibu, kwa jina lake lote.

Baada ya upasuaji mikono yangu ilibidi ijifunze upya. Kwa wiki za kwanza hakuweza kuinama wala kubeba kitu kizito, na kulikuwa na mambo ya kumsaidia ambayo mume hudhani ameshapewa ruhusa nayo tangu siku ya harusi: kumvua, kumwogesha, kuangalia kama mshono umekauka. Nilianza kuuliza kabla ya kugusa. Mwanzoni niliuliza kwa mzaha, kisha nikauliza kwa kweli, na siku kadhaa jibu lilikuwa hapana, na hapana hiyo nilijifunza kuibeba bila kununa. Nilipata faraja kwamba Yesu alimuuliza Bartimayo kipofu, “Wataka nikufanyie nini?”, ilhali hata mtoto mdogo wa Yeriko angeweza kulijibu swali hilo badala ya Bartimayo, na kwamba alimuuliza mtu aliyeugua miaka 38 kama anataka kuwa mzima. Zamani niliyafafanua maswali hayo kuwa ni ya kupima imani. Siku hizi, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa bafu na taulo mkononi nikingoja kuitwa, nayaona kuwa ni adabu tu, adabu ya yule ambaye angeweza kuingia bila kubisha.

Darasa lilipofunguliwa tena nilifundisha somo la mwili kwa namna nyingine. Nilisoma kuanzia sura ya 6 mpaka aya ya 23 ya sura ya 7 bila kukatia popote. Nilisoma pia habari za Tamari, aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba, katika 2 Samweli 13, ambazo sikuwahi kuzisoma darasani, na jinsi Maandiko yalivyotunza kukataa kwake neno kwa neno, “Sivyo, ndugu yangu, usinitenze nguvu”, ijapokuwa Daudi, baba yake na mfalme, alikasirika tu na asichukue hatua. Niliwatajia mama wawili wa usharika waliopata mafunzo ya kusikiliza na kumfikisha mtu hospitalini na kwa vyombo vya sheria. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma kabisa, kwenye kiti cha karibu na mlango. Mwishoni nilikitoa kile kipande cha karatasi, ambacho penseli yake ilikuwa imefifia, nikakisoma kwa sauti. Niliwaambia vijana kwamba nilikipokea miaka mingi iliyopita na nikaogopa kukijibu, na kwamba aliyekiandika ameshakuwa mtu mzima popote alipo. Kisha nikajibu: mtu huyo alichukua kitu ambacho hata Mungu hukiomba, na aliyeibiwa ni Mungu, mwenye hekalu, wala doa la wizi halimkai hekalu bali mwizi.

Nililiona kuwa jibu zuri. Vijana walinyamaza kwa muda mrefu, na wakati wa kutoka msichana mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili bila kusema neno.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu alitembea taratibu, kama alivyoagizwa. Tulikuwa tumekaribia kufika aliposema, “Umewaambia ameibiwa Mungu.”

“Ndiyo.”

“Na yule msichana?”

Jumapili iliyofuata, kabla ya sala ya kufungua, nilikisoma tena kile kipande cha karatasi.